Maumivu baada ya upasuaji wa moyo: dawa ya mzee si ya mtoto

Mwaka jana nilimtembelea mjomba wangu kisiwani Remba, Ziwa Viktoria. Jirani yake, kijana mvuvi, alikuwa ametoka Nairobi kuwekewa vali ya bandia ya moyo. Kifua kilimuuma, na kila jioni alimtuma mtoto dukani amnunulie diklofenaki. Hakujua kwamba tembe hizo, zikikutana na wafarini anayomeza damu isigande, zaweza kumtoa damu tumboni hadi afe. Tulimsihi aziache, tukampigia simu daktari wake.

Ndugu msomaji, katika upasuaji huu mara nyingi mfupa wa kidari hupasuliwa, kisha hufungwa kwa nyaya za chuma. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Siku za mwanzo hospitalini hutolewa dawa kali kama mofini, baadaye parasetamoli kwa saa maalumu. Kujikaza si ushujaa. Anayeogopa maumivu hakohoi wala havuti pumzi ndefu, na makohozi yakibaki kifuani huleta nimonia. Akohoe huku amekumbatia mto.

Umri nao una hesabu yake. Hadi miaka ya 1980 madaktari wengi duniani waliamini mtoto mchanga hahisi maumivu kama sisi. Leo twajua anahisi. Kwa kuwa hawezi kusema, muuguzi humsoma uso, miguu na kilio. Mkubwa kidogo huonyeshwa picha za nyuso achague inayofanana na hali yake. Dawa yake hupimwa kwa kilo, kwa hivyo usimkatie nusu ya tembe yako. Kodeini na tramado hazifai kwa walio chini ya miaka 12.

Kwa wazee, figo na ini hufanya kazi polepole, hivyo huanzwa na dozi ndogo. Mofini yaweza kuwafunga choo au kuwachanganya akili. Na mzee wetu ukimuuliza hali atakujibu "sijambo" hata akiumwa. Muulize badala yake: waweza kukohoa? Umelala usiku?

Homa, usaha kidondani, mfupa wa kidari kulialia au choo cheusi si mambo ya kungojea. Kutoka Remba ni safari ya boti hadi bara, basi anzeni mapema.

Nawaomba, kabla ya kununua tembe yoyote dukani, mwonyesheni daktari au mfamasia dawa zote anazomeza mgonjwa. Kijana yule sasa anashona nyavu.