Wapeleke watoto Kilwa Kisiwani

Safari ya familia si lazima iwe ya ufukweni tu. Kutoka Kilwa Masoko, mashua huvuka hadi Kilwa Kisiwani, na kibali cha kutembelea magofu huchukuliwa kabla ya kuvuka.

Anzeni na Msikiti Mkuu. Ulianza kujengwa karne ya 11 na baadaye ukapanuliwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sehemu ya kuba zake bado imesimama. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mji ulikuwa ukineemeka kwa biashara ya dhahabu ya Sofala.

Kisha nendeni Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililo juu ya mwamba kando ya bahari. Watoto hupenda birika lake la pembe nane. Waulizeni: maji yalipandishwaje huku juu?

Bahari hiyohiyo iliyoleta utajiri sasa inakula ukingo. Mwaka 2004 UNESCO iliuweka urithi huu katika orodha ya hatari, na ukaondolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Kazi hiyo inaweza kuharibiwa na mtoto anayepanda ukuta au mzazi anayebeba kigae mfukoni.

Vaeni nguo za heshima, kwani kisiwani wanaishi watu. Bebeni maji na kofia, na mrudi na takataka zenu. Mawe yabaki, wajukuu nao wayakute.