Mirathi: kanuni za mwaka 1963 bado zipo

Wasikilizaji wetu wa Ngara na Biharamulo, kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 hazijafutwa hadi leo. Zinasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo. Atunzwe na watoto wake. Binti naye asiuze shamba la ukoo.

Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliikataa kanuni hiyo ya binti, katika kesi iliyotoka hapa kwetu Kagera. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Basi mama, ukifukuzwa shambani usinyamaze. Mirathi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Mgogoro wa shamba upeleke Baraza la Ardhi la Kijiji.