Kinezi ya mutoto inaanzia kwenye mukeka

Kila vakansi watu wananiulizaka: "Wewe uliyesoma kinezi, ile mashini ya kunyooshea watoto utaileta siku gani?" Hakuna mashini.

Tuseme mutoto alizaliwa bila kulia, hewa ikakosa kufika kwenye ubongo. Ao malaria ilimupanda kichwani. Kidonda cha ubongo hakiongezeki tena, lakini oda zinazofika kwenye misuli zinaharibika: miguu inakaza na kukatana kama makasi, shingo inalegea. Halafu mifupa inakomaa, musuli uliokaza haufuate, na viungo vinapinda. Ndiyo maana mutoto wa mwaka 1 na ule wa miaka 8 si kazi moja. Kama miezi 9 imepita haikale peke yake, ao miezi 18 hatembei, musingoje. Na tuache maneno ya kusema mama yake alilogwa. Kwa nganga mwaka unaisha bure.

Wengi wanazani kinezi ni kuvuta miguu na mafuta ya moto. Kuvuta peke yake kunasaidia kidogo tu. Mutoto anajifunza kwa kutenda: umuikalishe kwenye kona ya ukuta, uweke kikombe mbele, mbali kidogo, umuache akitafute. Mara mingi kila siku, kama muchezo. Hata kumubeba mugongoni na kikwembe, miguu ikifunguka, ni mazoezi kwa yule anayekaza.

Lakini mimi ninaogopa zaidi saa ya kula. Kumulisha mutoto huyu akilala chali ni hatari! Uji unapita njia ya hewa, unaingia kwenye mapafu, anakufa na kikohozi na hakuna anayefikiri kijiko. Aikale wima, kichwa kiiname mbele kidogo, uji uwe muzito, na musimuharakishe.

Miguu iliyopinda tangu kuzaliwa ni mambo mengine: plasta inabadilishwa kila juma tangu majuma ya kwanza, kisha viatu vya kuvaa usiku mpaka miaka 4 hivi. Hiyo inatengenezeka.

Bukavu kuko Heri Kwetu, inayopokea watoto wenye ulemavu, lakini nauli inashinda familia mingi. Basi nikiwa kijijini, mulete mama na mukeka wake, nitamuonyesha. Na bibi pia aje, sababu mama akienda shambani ni yeye anayebaki na mutoto.