Ukibadilishiwa Chupa, Uliza Dozi Upya

Kariakoo dawa ya mtoto haikosekani. Famasi hii ikiishiwa, ya mlango wa tatu inayo, na pengine bei yake iko chini kidogo. Mzunguko huo ndio unaozaa kosa ambalo wazazi wengi hawalioni: jina kwenye chupa ni lilelile, lakini nguvu ya dawa iliyomo imebadilika.

Chukua parasetamoli ya maji. Iliyozoeleka ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Ipo pia yenye miligramu 250 katika mililita 5 hizohizo, na yapo matone ya watoto wachanga yenye miligramu 100 katika mililita 1 tu. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Mililita 5 za chupa ya kwanza zinampa 120, hapo hakuna tatizo. Za chupa ya pili zinampa 250. Za matone zinampa 500, yaani kidonge kizima cha mtu mzima. Akirudiwa hivyo mara nne kwa siku, siku mbili tatu mfululizo, ini lake liko hatarini. Na aliyempa hakupuuza maelekezo. Ameyafuata barabara, ila yalikuwa ya chupa nyingine.

Hapa hatuzungumzii dawa bandia. Dawa moja husajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA, kwa nguvu tofauti, na zote ni halali rafuni. Marekani walichoshwa na mkanganyiko huu: mwaka 2011 watengenezaji walitangaza kuacha matone makali ya parasetamoli na kubaki na nguvu moja kwa watoto wote, miligramu 160 kwa mililita 5. Kwetu ulinzi umebaki kaunta. Kwa hiyo muuzaji akisema, “Ile imeisha, ninayo hii, ni kitu kilekile,” usilipe kwanza. Muulize ina miligramu ngapi kwa mililita 5, na mtoto wako, kwa kilo zake, apewe mililita ngapi. Asiyeweza kujibu amwite mfamasia.

Kilo sasa. Mazungumzo ya kila siku ni haya: “Mtoto ana kilo ngapi, dada?” “Ana mwaka na nusu.” Umri unasaidia kukisia tu, kwa kuwa watoto wawili wa mwaka na nusu wanaweza kupishana kilo tatu. Dawa ya mseto ya malaria, ALu, inaonyesha jambo hili vizuri: kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge 1 kwa mara moja, kuanzia 15 hadi chini ya 25 ni vidonge 2. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuwa upande wowote wa mstari huo. Akipunjwa, vimelea vinabaki. Piga picha ukurasa wa uzito kwenye kadi ya kliniki uutunze kwenye simu, maana anayefika dukani mara nyingi ni baba aliyetoka kazini Posta, au bodaboda asiyemjua hata mgonjwa. Kama kipimo cha mwisho ni cha miezi sita nyuma, mtoto apimwe upya.

Kijiko cha chai kiacheni kwenye chai. Vijiko vinavyouzwa kwa dazeni pale Kariakoo havikutengenezwa kupimia dawa, na ujazo wake hutofautiana sana. Hata kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na chupa kinadanganya. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 kwa wazazi zaidi ya 2,000, zaidi ya wanane kati ya kumi walikosea kupima angalau mara moja, na waliotumia kikombe walikosea zaidi ya waliotumia bomba. Basi nunua bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yenyewe. Kama lina kifuniko kidogo nchani, kitupe mbali kabla ya kumkaribia mtoto, kinaweza kumkaba.

Antibayotiki za unga, kama amoksilini, zina mtego wake. Tikisa unga ulegee, weka maji safi ya kuchemsha yaliyopoa chini kidogo ya alama, tikisa, subiri povu litulie, ndipo ujazie hadi kwenye alama. Ukijazia povu likiwa juu, maji yatapungua na dawa itakuwa kali kuliko ilivyoandikwa. Hapa pia kuna ya 125 na ya 250. Ukiona kazi ya kuchanganya ni ngumu, omba ichanganywe palepale dukani.

Halafu kuna safari ya maelekezo. Dawa inanunuliwa mchana Mtaa wa Msimbazi, inapanda pikipiki hadi Mbagala, na anayeinywesha ni dada wa kazi aliyeelekezwa kwa simu. “1x3” ya kwenye bahasha haimwambii kitu. Aandikiwe mililita na saa: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kama ni mbili na nusu, iandikwe kwa maneno pia, kwani nukta ya 2.5 ikifutika inasomeka 25. Kila dozi itiwe alama kwenye karatasi iliyofungwa na chupa, mama akirudi jioni asirudie iliyokwisha kutolewa. Na dawa ya mafua isomwe viambato: nyingi zina parasetamoli ndani, hivyo ukiongeza ya homa umempa mara mbili.

Dozi ikizidi, usimtapishe mtoto, wala usitegemee maziwa. Nenda Mnazi Mmoja, Amana au hospitali iliyo karibu, ukiwa na chupa yenyewe mkononi. Parasetamoli iliyozidi inaweza kumwacha mtoto akicheza siku nzima ya kwanza huku ini likiharibika, na dawa ya kuliokoa hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu aimeze.