Hojaji za Mihadarati Nazo Hupimwa Kwanza

Mradi wa kuwakinga vijana dhidi ya mihadarati unapokamilika shuleni, wakazi huuliza: je, umesaidia? Jibu hutafutwa kupitia hojaji, yaani fomu ya maswali ambayo wanafunzi huijaza kabla ya mradi kuanza na tena baadaye. Hojaji ikiwa na kasoro, fedha za umma zinaweza kuendelea kutumika bila faida, na vijana wakabaki bila kinga.

Mfano ni mradi wa DARE nchini Marekani, ulioanzishwa Los Angeles mwaka wa 1983. Ulipendwa na wazazi, walimu na polisi. Hata hivyo, tafiti zilizolinganisha wanafunzi waliofunzwa na wasiofunzwa zilionyesha kuwa ulipunguza matumizi ya mihadarati kwa kiasi kidogo sana. Kujua madhara si sawa na kuacha, hivyo hojaji nzuri huuliza kuhusu yote mawili.

Kabla ya kutumiwa, hojaji hupimwa kwa njia zifuatazo:

Lugha: Kundi dogo la wanafunzi husoma kila swali na kueleza walivyolielewa. Mtoto akiulizwa kuhusu "dawa" anaweza kufikiria tembe za hospitali. Ni heri kutaja bangi, muguka, sigara au chang'aa.

Uthabiti: Wanafunzi walewale hujibu tena baada ya wiki moja au mbili. Majibu yakitofautiana sana bila sababu, swali hurekebishwa.

Ukweli: Uchunguzi wa ESPAD, unaofanywa Ulaya tangu 1995, umewahi kutaja dawa isiyokuwepo. Anayedai kuitumia hudhihirisha kwamba majibu yake mengine pia yana shaka.

Usiri: Mwanafunzi haandiki jina. Mwalimu hapiti kati ya madawati, na fomu hufungwa ndani ya bahasha. Anayeogopa kuadhibiwa hataandika ukweli.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa binafsi za mtoto kutumiwa. Kabla ya kutia sahihi, mzazi ana haki ya kuuliza iwapo hojaji imejaribiwa na ni nani atakayeona majibu. Mtoto akirudi nyumbani, wazazi wanashauriwa wasimshurutishe kusema alichoandika.

Anayehitaji ushauri kuhusu mihadarati anaweza kuipigia NACADA bila malipo kupitia nambari 1192.