Petroli, Mtungi na Cheche Isiyoonekana

Leo, mama na mlezi, tuzungumze juu ya petroli ya mashini za boti, ile tunayoiweka nyumbani ndani ya mitungi ya plastiki.

Sote twajua kuwa petroli haiwekwi karibu na moto. Lakini je, wajua kwamba yaweza kuwaka wakati inapomiminwa, hali hakuna kibiriti wala sigara?

Ukivua buibui la nailoni msimu wa kaskazi, wakati mwingine lasikika likitatarika. Huo ni umeme wa kusuguana. Petroli nayo haipitishi umeme vizuri. Inapopita kwenye mpira au bomba husuguana nalo, ikabeba umeme na kuingia nao mtungini. Kadiri inavyokwenda kwa kasi, ndivyo umeme unavyozidi. Plastiki haiuachilii kwenda ardhini, basi hujikusanya. Kitu cha chuma au mkono ukikaribia, umeme huruka kwa cheche ndogo. Cheche hiyo yatosha kuwasha mvuke wa petroli.

Wengine husema hewa yetu ya pwani ina unyevu, kwa hivyo hakuna hatari. Unyevu husaidia juu ya nguo na ngozi, lakini haufiki ndani ya petroli iliyomo mpirani.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni mpaka kwenye seredani au koroboi iliyo mbali. Tukumbuke moto wa Faza wa mwaka 2009, ulioteketeza nyumba nyingi. Sisemi ulianzishwa na petroli. Lakini ulitufunza kwamba penye makuti na nyumba zilizobanana, moto haumngoji mtu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, usimtume mtoto petroli, wala usimwachie ashike mtungi unapojazwa.

Pili, mtungi uwekwe chini ardhini, usijazwe ukiwa ndani ya boti, juu ya mkokoteni wala mgongoni mwa punda.

Tatu, ncha ya bomba iguse mdomo wa mtungi muda wote, na mafuta yaende polepole. Usimimine kutoka juu.

Nne, kabla ya kufungua mtungi, gusa kwanza chuma kilichosimama ardhini, mbali na mafuta.

Tano, mimineni nje, mchana, mbali na jiko. Petroli isiwekwe jikoni wala chumba cha kulala. Mtungi mtupu nao una mvuke, na usitiwe maji ya kunywa kamwe.

Moto ukishika nguo za mtoto, mlaze chini, umviringishe, au umfunike kwa blanketi zito la pamba. Petroli inayowaka usiimwagie maji, kwani huelea juu yake na kusambaa. Moto ukiwa mdogo, tumia mchanga. Ukiwa mkubwa, toa watu kwanza.

Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Vua pete na bangili mapema, kabla ya kuvimba. Nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Funika kwa kitambaa safi, umfunike mwili asipate baridi, kisha umpeleke Hospitali ya King Fahd au kituo cha afya kilicho karibu. Ameungua uso, mikono au sehemu za siri? Nenda mara moja, hata jeraha likiwa dogo.

Na mtoto akinywa petroli au mafuta ya taa, usimtapishe wala usimlazimishe maziwa. Akitapika, mafuta huingia mapafuni. Mkimbize hospitali.

Mama mwenzangu, waeleze haya mume na vijana wanaokwenda baharini. Mtungi mmoja ukijazwa taratibu hauchelewishi safari.

Hadi wiki ijayo, Inshallah, kwaherini.