Kijiji kikigeuka mtaa, nani hugawa shamba?

Na Mwandishi Wetu

KITAI ni jina linalofahamika kwa kila anayesafiri kutoka Songea kwenda Mbinga. Ni kata ya Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, iliyo kando ya barabara ya lami. Hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Amani Makoro na Ruanda, penye makaa ya mawe ya Ngaka, hadi Lituhi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Wengine wanalijua jina hilo kwa sababu ya Gereza la Kitai.

Hata hivyo, muulize mkazi wa Dar es Salaam mwenye asili ya maeneo hayo ajaze fomu inayotaka mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji na kitongoji cha wazazi wake. Wengi kalamu zao husimama baada ya wilaya.

Wapo ambao hata wilaya yenyewe huwachanganya. Mtu aliyezaliwa Liuli au Mbamba Bay mwaka 1980 ana cheti kinachosema Mbinga, ilhali leo nyumbani kwao ni Wilaya ya Nyasa. Yeye hakuhama, bali ni mpaka uliohama.

Wengi hudhani kuwa mambo haya ni ya makarani na wino wao. Ukweli ni kwamba jina linaloandikwa kwenye mstari wa kijiji ndilo linaloamua nani mwenye mamlaka juu ya shamba la familia, na nani anapaswa kuulizwa kabla shamba hilo halijagawiwa mtu mwingine.

Ngazi kutoka juu hadi chini

Kwa upande wa Tanzania Bara, mkoa huongozwa na Mkuu wa Mkoa, na wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya. Wote wawili huteuliwa na Rais. Chini yao ipo tarafa, yenye Afisa Tarafa ambaye ni mtumishi wa Serikali Kuu. Tarafa haina baraza linalochaguliwa na wananchi.

Sambamba na mkondo huo upo mkondo wa pili, wa serikali za mitaa. Huu huanzia kwenye halmashauri ya wilaya au ya mji, ambako madiwani waliochaguliwa katika kata hukutana, na mtendaji wake mkuu ni Mkurugenzi. Kata ina diwani, Afisa Mtendaji na Kamati ya Maendeleo.

Chini ya kata, njia hugawanyika. Katika maeneo ya vijijini kuna kijiji, na ndani ya kijiji kuna vitongoji. Katika maeneo ya miji kuna mtaa. Nchini kuna vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000, na wenyeviti wake, pamoja na wale wa mitaa, huchaguliwa kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika Novemba 27, 2024.

Ni katika ngazi hii ya chini kabisa ambapo wakazi wa mijini hukosea zaidi. Mkazi wa Dar es Salaam anaijua ofisi ya serikali ya mtaa, kwani huko ndiko hupata barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki au ya kumdhamini ndugu yake mahakamani. Kwa hiyo hudhani kuwa serikali ya kijiji ni kitu kilekile, isipokuwa iko shamba.

Dhana hiyo si sahihi.

Kijiji kina nguvu ambazo mtaa hauna

Kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), kila mkazi wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ndio wenye kauli ya juu katika mambo ya kijiji, na hutakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu.

Mkutano mkuu huchagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ambao robo yao angalau wanapaswa kuwa wanawake. Halmashauri hiyo ni chombo chenye hadhi kamili mbele ya sheria. Inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo zinazoanza kutumika zikiridhiwa na halmashauri ya wilaya.

Aidha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji jukumu la kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Lakini sheria hiyohiyo inaifunga mikono: halmashauri hairuhusiwi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujatoa kibali chake.

Maana yake ni kwamba mkulima wa kahawa, mama lishe wa kituo cha mabasi na mzee asiyejua kusoma, wote wana sauti ileile pale mgeni anapokuja kuomba ekari za kijiji chao. Wakikataa, mwenyekiti hana mamlaka ya kutoa.

Mtaa wa mjini hauna nguvu hizo. Una mwenyekiti, una kamati ndogo na una mkutano wa wakazi, lakini kazi zake kubwa ni kutunza kumbukumbu za wakazi, kusimamia usalama na kuishauri halmashauri ya mji. Viwanja hupimwa na kugawiwa na halmashauri yenyewe, chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 na sheria za mipangomiji. Mkutano wa wakazi unaweza kulalamika, lakini kibali chake si sharti.

Mpaka unapohama

Mwaka 2012 Serikali iliunda mikoa minne na wilaya 19 mpya. Nyasa ilikuwa miongoni mwa wilaya hizo, ikimegwa kutoka Mbinga. Katika sensa ya mwaka huohuo, Mbinga iliyobaki ilikuwa na watu 353,683, na Nyasa watu 146,160. Wilaya moja yenye takriban watu nusu milioni ilikuwa imekuwa mbili.

Faida yake kwa watu wa mwambao ilikuwa dhahiri. Mkazi wa Mbamba Bay aliyekuwa akipanda milima kwa zaidi ya kilomita 60 kufuata ofisi za wilaya mjini Mbinga, sasa makao makuu ya wilaya yapo kwake. Kijiji chake, hata hivyo, kilibaki kijiji. Mkutano mkuu wake haukupoteza chochote.

Mabadiliko ya mwaka 2015 yalikuwa ya aina nyingine. Mwaka huo Mbinga ilipata Halmashauri ya Mji, hivyo wilaya moja ikawa na halmashauri mbili: ya Mji, na ya Wilaya inayohudumia kata za nje ya mji, ikiwamo Kitai. Ndiyo maana kauli ya mtu kwamba anatoka Mbinga haitoshi tena. Yupo aliye chini ya Mji na yupo aliye chini ya Wilaya, ingawa Mkuu wa Wilaya wao ni mmoja.

Si kila eneo lililoingia ndani ya mipaka ya mji hugeuka mtaa siku hiyohiyo. Sheria inaruhusu vijiji kuwepo ndani ya halmashauri ya mji. Lakini kadiri nyumba zinavyosogea na michoro ya mipangomiji inavyoenea, vijiji hivyo hufutwa kimoja kimoja na nafasi yake kuchukuliwa na mitaa.

Ipo pia hatua ya kati, iitwayo mamlaka ya mji mdogo. Hapo vitongoji hubaki na wenyeviti wake, lakini halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wake huondoka.

Wananchi wengi hushangilia habari kwamba kijiji chao kimepandishwa hadhi. Wana sababu: mji huleta taa za barabarani, soko, viwanja vilivyopimwa na hati ambayo benki huipokea bila maswali mengi. Wachache tu hukumbuka kuuliza siku hiyo mkutano wao mkuu unakwenda wapi.

Sheria haimwachi mwenye shamba mikono mitupu. Anayetwaliwa ardhi yake anastahili fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Lakini kulipwa fidia baada ya uamuzi ni jambo moja, na kuwa sehemu ya wanaoamua ni jambo jingine.

Wenzetu wanafanyaje?

Ufaransa ni mfano mzuri wa kulinganisha. Nchi hiyo ina majimbo 101, ambayo ndani yake kuna wilaya, na ngazi ya chini kabisa ni komyuni, jina ambalo majirani zetu wa Burundi nao wanalitumia. Komyuni za Ufaransa ni takriban 35,000, na zaidi ya nusu zina wakazi wasiofika 1,000.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kijiji cha wakulima wachache na mji wenye viwanda, vyote kimsingi ni komyuni zenye meya na baraza la kuchaguliwa, chini ya utaratibu uleule uliotokana na mapinduzi ya mwaka 1789. Komyuni ikikua ikawa mji, wananchi wake hawabadilishiwi chombo chao. Kwetu, kijiji kikikua, chombo chenyewe hubadilika.

Mipaka ya wazee

Wamatengo wa milima ya Mbinga walikuwa na mgawanyo wao wa ardhi kabla ya kata na tarafa. Waliita ntambo: mgongo wa mlima ulio kati ya vijito, ukikaliwa na ukoo na kulimwa kwa mashimo ya ngoro yanayozuia udongo kuchukuliwa na mvua. Hapakuwa na haja ya kuchimbia jiwe la mpaka, kwa kuwa maji yenyewe yalikuwa mpaka.

Serikali nayo imetumia maji hayohayo. Mto Ruhuhu, unaoingia ziwani karibu na Lituhi, hutenganisha Ruvuma na upande wa Ludewa, ambao mwaka 2012 ulitoka Mkoa wa Iringa na kuingia Mkoa mpya wa Njombe.

Lakini vijiji vya leo havikuchorwa kwa vijito peke yake. Operesheni Vijiji ya kati ya miaka ya 1973 na 1976 iliwakusanya watu mahali pamoja nchini kote, na sheria ya mwaka 1975 ikavipa vijiji hivyo uandikishwaji na serikali zake. Halmashauri za wilaya, zilizokuwa zimefutwa mwaka 1972, zilirudi baada ya sheria za mwaka 1982. Kwa hiyo katika miaka hiyo ya kati, kijiji kilikuwapo wakati halmashauri ya wilaya haikuwapo.

Mwenye shamba afanye nini?

Kwa msomaji wa mjini mwenye shamba la urithi au anayetaka kununua ardhi katika maeneo kama Kitai, yapo mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, ajue kama eneo hilo bado ni kijiji kilichoandikishwa. Jina la kata halimpi jibu, kwani kata nyingi huchukua jina la mojawapo ya vijiji vyake, na ndani ya kata moja huweza kuwamo maeneo yasiyo ya kijiji. Eneo la gereza, kwa mfano, ni la Serikali, wala halmashauri ya kijiji haiwezi kuligawa.

Pili, kama ni kijiji, muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji hautoshi, wala sahihi ya Afisa Mtendaji peke yake. Anayegawiwa ardhi na kijiji aombe kuona muhtasari wa mkutano mkuu uliotoa kibali. Karatasi isiyo na mkutano nyuma yake ndiyo chanzo cha kesi nyingi.

Tatu, aliye na shamba tayari aombe hati ya haki miliki ya kimila, inayotolewa na halmashauri ya kijiji na kuandikishwa. Ni vyema kuwa nayo kabla mpaka wa mji haujafika, kwa sababu siku ya kuhesabu fidia, maneno ya jirani hayana uzito wa daftari.

Nne, ukitokea mgogoro, pa kuanzia ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo husuluhisha tu katika mashauri ya ardhi, na wasiopatana huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa shamba la kijijini daftari hilo ni muhtasari wa mkutano mkuu, na mkutano huo huwapo maadamu kijiji kingalipo. Kwa hiyo anayesikia kwamba kwao kunapandishwa hadhi aulize mapema: mpaka mpya utapita wapi, na mkutano mkuu wa mwisho utafanyika lini?